Mwaka Tuliosubiri Koki Zifungwe

Mwezi uliopita mdogo wangu Zuhura alikuja Masasi na wanawe wawili, baada ya miaka mingi ya kusalimiana kwa simu tu. Nilipika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, tukatandika mkeka chumbani kwa sababu uani jua lilikuwa kali. Katikati ya kula umeme ukakatika, na jirani yangu anayeuza soda akawasha jenereta yake. Ile jenereta ilikuwa mbovu. Ilipanda sauti, ikashuka, ikapanda tena juu zaidi, kama mtu anayekimbia huku anajikwaa. Watoto waliendelea kula. Mimi na Zuhura tulibaki na matonge mkononi. "Dada," alisema, "ile inatafuta pa kutulia haipaoni." Nikamwambia, "Kula. Si yetu." Hakula mpaka ilipozimwa, na mimi sikula. Watoto walitutazama kama tuna wazimu, wakauliza kulikoni, na mama yao akawajibu kwamba ni habari ndefu, wamwulize mama mkubwa. Waliondoka kesho yake kabla sijawaeleza. Basi nawaandikia.

Sitaanza na jinsi tulivyobaki sisi wawili, maana hayo kila anayetujua anayajua. Inatosha kusema kwamba mimi niliacha shule mapema, nikajifunza kutengeneza redio, kisha simu, na Zuhura akasoma mpaka chuo cha ufundi. Watu waliniita Mama Zuhura ingawa sikumzaa, na nilikuwa nimeshazoea. Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya soko, na dirisha lake lilitazama milima ya mawe. Ndani kulikuwa na meza moja, redio zilizofunguliwa matumbo, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na jiko la mkaa mlangoni. Mwaka ule, ambao ulikuwa wa mwisho wa masomo yake, Zuhura alirudi na kompyuta aliyoazimwa na chuo, akasogeza redio zangu pembeni, akasema, "Dada, nimepata kazi yangu ya mwisho ya chuo, kijijini kwao mama."

Kijiji chenyewe kiko upande wa Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu, mahali ambapo ukisimama unaona bonde lote chini na huna tone la maji miguuni. Kwa miaka yote wanawake waliteremka mteremko ule kuchota na kupanda tena na ndoo kichwani. Kisha wafadhili fulani wakaleta pampu, ikawekwa kisimani bondeni, na bomba moja refu likapandishwa mpaka juu, kwenye koki zilizopangwa kando ya barabara. Tangi la juu halikuwahi kujengwa. Kwa hiyo pampu ilisukuma maji moja kwa moja hadi kwenye koki, na kwenye kibanda cha pampu kulikuwa na bodi ndogo ya umeme iliyosoma msukumo wa maji na kuiambia mota izunguke kwa nguvu gani. Bodi ya mwanzo ilikufa. Zuhura aliomba atengeneze nyingine, na Mjomba Mtipa, kaka wa mama yetu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, akakubali mbele ya watu. "Mtoto wa dada yangu hawezi kunitia aibu," alisema. Tuliitengeneza kwenye meza yangu, tukaenda kuifunga, na maji yakapanda. Wanawake walipiga vigelegele. Mjomba alitupa mfuko wa korosho za kukaanga wa kurudi nao Masasi.

Halafu bomba likapasuka. Mota ilianza kuunguruma kwa kupanda na kushuka, kila mpando mkubwa kuliko uliotangulia, na bomba likafumuka katikati ya mteremko. Tulidhani ni kiungo kibovu. Likaungwa. Likapasuka tena, safari hii Zuhura akiwa palepale kijijini, na mahali papya kabisa. Mara zote mbili kulikuwa na msiba siku hiyo, na watu hawakukosa kuliona hilo. "Maji yale hayataki maiti," walisema. Wengine walisema vibaya zaidi. Nilimsikia mwanamke mmoja gulioni, mgongo wake ukiwa umenielekea mimi: "Mtu aliyezika baba na mama kabla hajaota meno ya nyuma, unampa maji ya kijiji ayashike?" Mwenzake akamkanyaga mguu, akageuka akaniona, akanisalimia kwa heshima zote.

Mjomba alituita barazani kwake. Alikuwa na tabia ya kubangua korosho huku akisema jambo zito, ili asikutazame usoni. "Wafadhili wametuma neno," alisema. "Likipasuka mara ya tatu, wanang'oa pampu waipeleke kwa watu wanaojua kuitunza. Wanawake wataanza kuteremka tena." Akabangua nyingine. "Na nyinyi hapa mtakuwa mnapita mkitazama chini. Sisemi mimi. Nawaambia yatakavyokuwa." Zuhura alijibu, "Mjomba, nipe muda nitafute." Akasema, "Tafuta. Lakini hilo tatizo usilitafute kwenye bomba letu. Litafute huko kwenye kompyuta yako."

Ndivyo tulivyofanya, na ndiyo sehemu ya mwaka ule ninayoikumbuka kwa mwili kuliko kwa akili: mabega yake mbele ya kioo, na mimi nikiosha vyombo bila kupiga kelele. Zuhura aliyageuza maji kuwa umeme. Ndani ya kompyuta alichora sakiti ambayo bomba lake lilikuwa kapasita, kwa sababu linajaa na kupungua, na koki zote za kijiji zilikuwa rezista moja, kifaa cha kuubana mkondo unapopita. Pampu, kipimo na bodi navyo vilikuwemo. Nilimuuliza kwa nini kitu kilichotengenezwa ili kitulize kiwe ndicho kinachovuruga. Alinikumbusha wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Wote wana nguvu, wote wana nia njema, lakini mmoja akichelewa kidogo, mchi wake unateremka wakati mwenzake anateremsha, na kinachovunjika si mahindi. Kipimo kinaiambia bodi kwamba msukumo umeshuka, bodi inaiambia mota iongeze, mota inaongeza, kipimo kinasikia na kurudi kusema. Habari inazunguka kama kitanzi. Ikirudi imechelewa mno na bado ina nguvu, bodi inaongeza pale ilipopaswa kupunguza.

Ili kujua imechelewa kiasi gani, lazima ukikate kitanzi mahali pamoja, uingize mtikisiko mdogo upande huu, uone unarudije upande wa pili. Lakini ukikata tu kama unavyokata waya, bodi haijui tena isimame wapi, inalalia upande mmoja, na unachopima ni kitu kilichokufa. Zuhura aliweka pale kwenye mkato koili kubwa ajabu ya waya uliozungushwa, ambayo hakuna duka duniani lingeweza kuiuza, ipo ndani ya kompyuta tu. Koili hiyo inaupitisha mkondo uliotulia na kuuzuia mtikisiko. Kwa utulivu wake mtambo unajiona mzima, na kwa mtikisiko umekatwa. Nilipenda sana ujanja ule. Baada ya hapo kompyuta ilihesabu na kutupa picha yenye misalaba na miduara. Chuoni misalaba wanaiita poli na miduara ziro. Kila msalaba ni mahali ambapo habari inaanza kuchelewa na kupungua. Kila mduara ni mahali inapopata mbio za kufidia. Tulihesabu tena na tena. Misalaba ilikuwa imeachana vizuri. Mtambo ule, kwa mujibu wa kompyuta, ulikuwa salama kabisa. Zuhura aliitazama ile picha nzuri mpaka ikaanza kumtia uchungu. "Inanidanganya, Dada," alisema. "Na mimi ndiye niliyeifundisha uongo, sijui ni upi."

Ulipatikana tukila ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, mchana, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nimetoka kijijini na nilikuwa nikimchekesha kwa maneno ya Bibi Somoe, mwanamke mzee aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye koki kila siku na wa mwisho kuondoka. Alikuwa na mdomo usiojua mkubwa wala mdogo. Nikamwiga: "'Ndoo yangu ilikuwa nusu! Nikaifunga koki kwa heshima ya marehemu, hata hajafika kaburini, bomba likapasuka. Nikamwambia, wewe marehemu, hii ndiyo shukrani?'" Zuhura hakucheka.

"Alifunga koki?"

"Si wote mlifunga? Jeneza lilikuwa linapita."

Ni jambo ambalo kwetu halisemwi, kama vile hakuna anayekwambia uvue viatu mlangoni. Maiti anapopita njiani, Mwislamu au Mkristo, mwenye jembe analiweka chini, mwenye baiskeli anashuka, na tangu koki zilipokuja, maji nayo yananyamazishwa. Zuhura alipokuwa akichora sakiti yake alimuuliza Mjomba koki hufungwa saa ngapi, na Mjomba akamjibu kwa haki kwamba hapa hakuna anayefunga, foleni haiishi kuanzia alfajiri mpaka giza. Hakusema uongo. Zuhura naye siku ile ya mpasuko wa pili alikuwa kwenye foleni, na alipoona jeneza alinyoosha mkono akaifunga koki iliyokuwa mbele yake, akainamisha kichwa, na hata bomba lilipopasuka nyuma ya mgongo wake hakuunganisha mambo mawili. Nani angeunganisha? Sasa aliutazama mkono wake ukiwa na kipande cha ming'oko, kama mkono wa mtu mwingine.

Akainuka bila kunawa. Akaichukua ile rezista ya koki akaipa thamani kubwa mno, kana kwamba hakuna pa kutokea maji isipokuwa uzi mdogo uendao zahanati ya kijiji, ambao haufungwi. Akakata kitanzi tena kwa koili yake, akahesabu. Msalaba mmoja uliteleza mpaka mwanzo kabisa wa picha na kukaa ubavuni mwa mwingine uliokuwa pale tangu zamani, na mduara uliopaswa kuiokoa ulikuwa mbali, haufiki. Habari ilikuwa inarudi imechelewa karibu nusu nzima ya mzunguko, na nguvu bado inazo. "Hapo," alisema kwa sauti ndogo. "Hapo ndipo tunapopasukia."

Kuirekebisha hakukuwa kazi ya kutisha. Nilitoa kapasita kubwa kwenye redio moja ya zamani, tukaiweka mahali pa ile ndogo iliyokuwa kwenye bodi, na katika kompyuta mduara ukasogea karibu na misalaba. Zuhura alinionya kwamba kila kitu kina bei yake: koki zikifunguliwa baada ya kufungwa zote, msukumo utarudi polepole. "Polepole kiasi gani?" nikamuuliza. "Kiasi cha kutukanwa," akasema. Tukaenda kuifunga. Kilichobaki kilikuwa jambo moja dogo: kufunga koki zote kwa pamoja, mbele ya watu, na kuona mshale wa kipimo unafanya nini.

Mjomba, barazani kwake na wanakamati wenzake, aliweka korosho chini, safari hii akatutazama. "Koki zote zifungwe, na hakuna jeneza njiani?"

"Ni majaribio tu, Mjomba," alisema Zuhura.

"Unajua ukifunga hivyo unamwita nani?"

"Basi tufunge vali moja kubwa kule juu. Koki tuziache wazi. Kwa mtambo ni sawasawa."

"Maji yakinyamaza yamenyamaza. Wewe utarudi chuoni. Sisi tutakuwa hapa tukitazamana, kila mtu akijiuliza zamu ni ya nani." Wanakamati wakaitikia kwa koo. Nilijaribu kusema. Akaninyamazisha kwa upole, "Mama Zuhura, mwanangu, kifo hakijui majaribio."

Basi tukabaki tunangoja mtu afe. Sijui niliseme vipi kwa namna nyingine. Zuhura alipata ruhusa ya chuo kuendelea na kazi yake palepale, na mimi nilifunga chumba changu Masasi nikahamia naye kijijini, kwenye nyumba ya mama. Kila siku tulichota maji pamoja na watu ambao mmoja wao lazima angetufanyia jaribio letu. Mtu akikohoa kwenye foleni, macho yalimwendea Zuhura, kisha yakarudi haraka. Mama mmoja mjamzito alihama koki ili asisimame karibu naye. Zuhura aliacha kuuliza watu hali zao. Alikuwa akisema "shikamoo" na kunyamaza hapo, maana kuuliza "mnaendeleaje na ugonjwa" kutoka kwake lilikuwa neno baya. Ni Bibi Somoe peke yake aliyethubutu kusema waziwazi. Alipiga chafya siku moja, foleni nzima ikageuka, naye akashika kiuno. "Mnanitazama nini? Kajaribieni kwa mwingine! Mimi ndoo yangu haijajaa." Watu walicheka mpaka wakalia, na Zuhura akacheka nao, kisha nikamkuta nyuma ya nyumba ameegemea ukuta, anapumua kama aliyepanda mteremko. "Dada, usiku naomba asife mtu," aliniambia. "Asubuhi nikiona hajafa mtu, nakasirika. Nimekuwa mtu gani?" Nilimpa maji ya kunawa uso.

Aliyekufa alikuwa Mjomba. Ulikuwa msimu wa mabibo, njia zote zinanuka utamu wake. Aliugua tumbo muda mfupi, akapelekwa zahanati, akarudishwa amefunikwa. Mzee yule ndiye aliyekuwa akija Masasi kunitazama kama nimekula, baada ya wazazi wetu. Sikupata nafasi ya kumlilia. Kabla hata hajaoshwa, wanakamati wawili walikuja upande wa wanawake wakaniita nje.

"Mama Zuhura, pole sana. Tumeona pampu izimwe mpaka tumalize kuzika."

Nikasema, "Na maji ya kuoshea na kupikia wageni?"

"Yachotwe sasa, kisha izimwe. Bomba likipasuka juu ya maiti ya mwenyekiti, jamani, mtasemwa mpaka na wajukuu."

Zuhura alikuwa mlangoni, macho mekundu, akinitazama mimi. Alijua neno si lake. Kwa upande wa mama sasa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliwaambia, "Tukizima leo, tutazima kila siku ya msiba. Na siku tutakayosahau ndiyo itakayong'oa pampu. Isizimwe. Mjomba atapita kama wanavyopita wengine, na koki zifungwe kama zinavyofungwa." Mmoja alitaka kubisha. Mwenzake akamvuta shati, akasema, "Mwenye maiti amesema."

Zuhura alibaki juu, barabarani, na simu chini ya kanga. Mimi niliteremka bondeni wakati wenzangu wanajipanga kumuaga mjomba wetu. Kwenye kibanda alikuwepo Baba Fidelis, mlinzi wa pampu. Simu pale ilishika mlangoni tu, kwa hiyo yeye alisimama kizingitini na simu sikioni akinipigia kelele, na mimi nikasimama mbele ya kipimo, kidole gumba juu ya swichi. Agizo la Zuhura lilikuwa fupi: mshale ukipanda mara ya pili juu kuliko mara ya kwanza, zima, usiulize.

"Wanatoka msikitini!" alisema Baba Fidelis. Mota iliunguruma sawasawa. Jasho lilinitiririka hadi kwenye kiwiko. "Wako kwenye mkorosho wa kwanza! ... Wamefunga koki ya juu. Ya pili. Mama Zuhura, wanafunga! ... Zote! Anasema zote!"

Mshale ukaruka. Ulipita mahali ambapo sijawahi kuuona, ukagusa alama nyekundu, na mota ikashusha sauti kama imeziba pumzi. Ukaanguka chini. Mota ikapandisha sauti ile ile ya siku za mipasuko, na nikajua kwamba huo ndio mpando wa pili. Kidole changu kiliibonyeza swichi nusu. Ulipanda, ukapanda, na chini ya alama nyekundu ukasita. Ukashuka. Ukapanda tena kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani, kisha ukatulia. Mota ikabaki na mlio mmoja mwembamba.

"Anauliza vipi!" Baba Fidelis alipiga kelele.

"Mwambie umesimama."

"Anasema rudia!"

Ndipo nilipoanza kumlilia Mjomba. Baba Fidelis alinitazama, akautazama mshale, akaiambia simu mwenyewe: "Umesimama, mwanangu. Umesimama tuli." Akasikiliza. Akavua kofia. "Anasema mzee amepita."

Nilipofika juu, wanaume walikuwa bado makaburini. Zuhura alikuwa kwenye koki, amemshika Bibi Somoe mkono, au Bibi Somoe ndiye aliyemshika yeye. Koki ilikuwa imefunguliwa na inatoa uzi wa maji usiozidi unene wa utambi. Bibi Somoe aliuangalia kwa dharau.

"Haya maji yenu yamekuwa goigoi."

"Tumeyachelewesha makusudi, Bibi," alisema Zuhura. "Yatapata nguvu, subiri kidogo."

"Makusudi?" Alitazama njia waliyopita na Mjomba, vumbi lake bado halijatua. "Basi yaacheni hivyohivyo." Akageuza ndoo yake chini juu, akaikalia, akasubiri.